Damu ya Katla wa Tofazzal

Chanchra, Jessore
4 Novemba 1987

Kwa mpwa wangu Monowara, msomi pekee wa ukoo usiosoma,

Salamu za huku ni nyingi, nimezipunguza ili karatasi itoshe. Mkaza mjomba wako Jobeda ni mzima na mdomo wake ni mzima zaidi. Mama yako alipita wiki jana akitokea Khulna, akala, akalalamikia chumvi, akaondoka na chupa yetu ya achari. Mabwawa saba yote yana maji. Mimi, kama unavyonijua, nazidi kupendeza.

Sasa hiyo barua yako. Niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nikidhani umekosea anwani. Unasema huko Dhaka wamekaa watu wazima wenye miwani, wanatafuta namna ya kumtofautisha samaki rui na samaki katla, na wote wawili na mrigel, na kwamba serikali inawapa mshahara kwa kazi hiyo. Mwanangu, si ungeniuliza mimi? Rui ana midomo yenye pindo kama shuka. Mrigel ni mwembamba kama karani. Katla ana kichwa cha mwenyekiti wa halmashauri na mdomo umeangalia juu, anasubiri kulishwa. Basi, nimemaliza. Joho langu nitumieni kwa basi.

Ati siyo sura, ni damu. Ati ukiiacha damu igande, juu yake yanabaki maji ya manjano, na ndani ya maji hayo kuna protini, na kila aina ya samaki ina protini zake. Mnazitia kwenye kipande cha jeli, mnazipitishia umeme, zinakimbia, nyingine mbio nyingine kwa kujikokota, kisha mnatia rangi na kuangalia kila moja imesimama wapi. Mistari ya rui si ya katla. Nimeelewa vizuri sana. Mimi niliishia darasa la sita, lakini si kwa ujinga, ni kwa sababu mwalimu aliishiwa majibu. Nisichoelewa ni hiki: mtu ana macho mawili mazima, halafu anamtambua samaki kwa nguvu za umeme.

Vichupa na sindano vimefika. Na kurasa mbili za maelezo pia zimefika, jinsi ya kumchoma samaki sindano. Kunielekeza mimi. Mimi ambaye kila msimu wa mvua natoa tezi chini ya ubongo wa samaki waliochinjwa sokoni, naisaga, nawachoma majike na madume mpaka wanazaa kwenye tangi la saruji utadhani wamo mtoni. Nilikuwa nachoma samaki wakati huyo Daktari Mosaddek, msimamizi wako, bado anapangusiwa kamasi.

Hata hivyo damu ni hiyo. Rui kumi, mrigel kumi, katla kumi. Katla nimewatoa bwawa la kati, wale wenyewe, walioandikwa kwenye kibao changu cha barabarani: KATLA HALISI WA MTO PADMA, KICHWA KIDOGO, NYAMA TELE. Wachuuzi wa vifaranga wanatoka mpaka Rangpur, sufuria zao za alumini begani, wanavipita vituo kumi na vitatu vya wafugaji wababaishaji ili wafike kwangu. Mwambie Daktari aandike kwamba damu hiyo ndiyo ya kupimia damu nyingine zote.

Nimeitia kwenye chupa ya chai pamoja na barafu, nikamkabidhi kondakta wa basi la asubuhi. Chupa irudi. Ni ya Jobeda, na tangu aone nilichotia ndani hasemi nami.

Mjomba wako,
Tofazzal Biswas, mwenye katla


Dhaka
27 Novemba 1987

Mjomba mpendwa, mwenye katla na mwenye maneno,

Amani iwe kwenu. Barua hii itachelewa kwa sababu migomo imefunga barabara na posta inafunguliwa siku inayojisikia. Mimi ni mzima. Tunakula khichuri kila siku kwa sababu dengu na mchele ndivyo vilivyobaki hosteli. Mwambie mkaza mjomba chupa yake nimeisafisha kwa maji moto mara tano, nayo haitanuka.

Ahsante kwa damu. Ahsante pia kwa mafunzo ya kutofautisha samaki. Nimewasomea wenzangu kipande cha mwenyekiti wa halmashauri, wamecheka mpaka mlinzi akaja. Daktari Mosaddek hakucheka. Yeye hucheka mara moja kwa mwaka, mtu anapofeli.

Kazi imekwenda hivi. Rui wako kumi ni wasafi: mstari wao mnene unasimama karibu na mwanzo wa jeli, wote kumi mahali pamoja, kama wanajeshi. Mrigel nao hawana neno. Shida ni katla. Kwa vitabu tulivyo navyo, mstari mnene wa katla unatakiwa ukimbie mbali, karibu na mwisho wa jeli. Wako wanao huo wa mbali. Lakini wanao na ule wa karibu. Yote miwili, samaki wote kumi.

Nimerudia mara tatu. Umeme ulikatika mara moja, nikasema ni umeme. Mara mbili nyingine haukukatika.

Naomba unitumie damu nyingine ya katla, safari hii kutoka bwawa jingine, au hata kwa jirani yako Eskandar. Nina haraka kidogo. Natakiwa kusimama mbele ya watahini tarehe 20 Februari, na kazi yangu nzima ni kulinganisha samaki hao watatu. Katla akikosekana, kazi haipo, na kazi isipokuwepo nafasi yangu anapewa mtu mwingine. Tuko wasichana wawili tu hapa, Mjomba, na wanaotusubiri tuanguke wamejaa veranda.

Mpwa wako,
Monowara


Chanchra
16 Desemba 1987

Monowara mwenye haraka kidogo,

Jobeda amepata mafua, ameyapona, ameniachia mimi. Ng'ombe amezaa. Binti wa mwashi ameolewa na mtu wa Magura anayejiita mfanyabiashara, anauza vifungo.

Kuhusu damu. Majira haya ya baridi mfugaji mwenye akili hawasumbui samaki wazazi. Ukimtoa katla majini sasa anapata baridi, anavimba macho, na msimu wa mvua anakunyima mayai. Hilo vitabu vyenu haviandiki, kwa kuwa vimeandikwa na watu wanaomjua samaki akiwa mchuzini. Kwa hiyo damu nyingine haipo mpaka joto lirudi, kama Machi hivi.

Na kuhusu Eskandar, nimesoma vibaya au uliliandika jina hilo kwa mkono wako? Unataka damu ya samaki wa Eskandar? Yule ambaye mwaka jana aliwauzia watu wa Faridpur vifaranga vya mrigel akasema ni rui? Mabwawa yake ni madimbwi ya nyati. Ukitaka damu ya chura, yeye ndiye wa kumwendea.

Mistari miwili ni nini? Mimi nina nyusi mbili, wala hakuna aliyesema nina baba wawili. Labda katla wa kawaida ana mmoja na katla bora ana miwili. Mmefikiria hilo? Hamkufikiria. Mnafungua samaki bora kuliko wote nchini, mnakuta kitu ambacho hamjawahi kuona, mnasema ni kosa. Kama mngeletewa dhahabu mngelalamika kwamba shaba hii imezidi rangi.

Chai ya leo nimeinywea birika. Chupa ya chai bado iko Dhaka.

Tofazzal Biswas


Dhaka
3 Januari 1988

Mjomba,

Salamu kwako, kwa mkaza mjomba na kwa ndama, ambaye nasikia ndiye mtu mpole kuliko wote hapo nyumbani. Mama ameniandikia kwamba magoti yanamsumbua. Chupa ya chai imetoka leo kwa basi, na ndani nimetia biskuti.

Nimemwonyesha Daktari Mosaddek jeli zangu zote, sita sasa. Alizishika kwa ncha za vidole, akaziinua dirishani, na mbele ya wenzangu kumi na wanne akasema, "Binti, ama samaki hawa wana baba wa aina nyingine, ama wewe una mikono michafu. Na mjomba wako, kwa barua yake mwenyewe, anasema ni halisi." Kisha akanirudishia jeli kama mtu anayerudisha leso ya mwenzake.

Ndiyo, barua yako ya kwanza nilimwonyesha. Alitaka uthibitisho wa asili ya samaki, na ile ndiyo iliyokuwapo.

Sasa wananiita Mkono. Hata mpishi wa hosteli.

Jana nilikwenda soko la samaki la kando ya mto nikanunua katla wa mtoni, mzima, kwa pesa ya mwezi ya chakula. Kichwa chake kilijaza sinia peke yake. Nilimchukua damu, nikaipitisha kwa mikono hii hii michafu. Mstari mmoja mnene, wa mbali. Ule wa karibu haupo kabisa. Daktari anasema samaki wa sokoni hana kwao, hawezi kuwa ushahidi. Lakini mimi nimeuona.

Kwa hiyo sikuombi damu leo. Nakuuliza jambo moja tu. Mwaka ule wa mafuriko, wa 84, nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, nakumbuka ukuta wa bwawa la kati ulibomoka mwezi wa Ashar, mvua zilipoanza. Maji yalipokupwa, katla madume walibaki wangapi?

Monowara


Chanchra
24 Januari 1988

Kwa mpwa wangu,

Biskuti tumekula. Chupa inanuka, tena si samaki, ni sabuni, jambo ambalo Jobeda analiona baya zaidi.

Nikupe habari za harusi, maana ulikosa. Eskandar amemwoza mpwa wake, na kwa aibu iliyoje, samaki wa karamu alikuja kununua kwangu. Katla mmoja kama mlango. Basi kichwa kikapikwa kwa mchele kidogo na viungo, kikawekwa mbele ya bwana harusi kama inavyotakiwa. Wajomba wa bwana harusi wakaangalia sinia, wakaangaliana. Mmoja akasema kichwa ni kidogo, wamedharauliwa. Mimi nikamjibu kwamba kichwa kikubwa cha nini, bwana harusi mwenyewe anacho. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Eskandar naye, kwa kuwa hajawahi kuacha kicheko kimpite, akaliinamia sinia lile, akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Kaka Tofa, mbona huyu katla wako ana midomo ya rui?" Nikamwambia hata yeye ana midomo ya binadamu na hakuna anayedanganyika.

Umeuliza kuhusu madume. Madume ni wazima, wanakusalimu.

Na nikwambie kitu, Monowara. Mimi sikukupeleka shule ili uje uninuse. Katla wangu wamepewa karatasi na bwana samaki wa wilaya mwenyewe, na mwezi wa nane, kwenye Wiki ya Samaki, nitapewa kikombe kwa ajili ya wazazi halisi. Samaki wa sokoni unamwamini, mjomba wako humwamini. Wewe ni mtoto ambaye ulikuwa unamwaga maziwa kila ukishika kikombe. Pengine Daktari wako kwa mara moja katika maisha yake amesema kweli, na mikono ndiyo yenye kasoro. Jifunze kushika vitu.

Usiniulize tena habari za mwaka 84. Watu walipoteza nyumba mwaka ule, wewe unahesabu samaki.

Tofazzal Biswas


Dhaka
2 Februari 1988

Mjomba,

Salamu kwenu nyote.

Nimeipata barua yako. Nimeambiwa nikabidhi funguo za maabara tarehe 21, siku moja baada ya kusimama mbele ya watahini, kwa kuwa matokeo ya huko yanajulikana. Tarehe 22 nitapanda basi kwenda kwa Mama. Sitapitia Jessore, njia ya kuzunguka si mbaya sana.

Sitauliza tena.

Monowara Khatun


Chanchra
12 Februari 1988

Mwanangu Monu,

Usilifunge sanduku bado. Soma hii ukiwa umekaa.

Unajua huwa namsomea Jobeda barua zako, kwa kuwa yeye herufi hazijui. Hii ya mwisho niliisoma ikaisha kabla hajamaliza kumenya kitunguu kimoja. Akauliza mbona fupi. Nikasema Dhaka karatasi zimeadimika. Akauliza wewe ulimwandikia nini? Nikamwambia nilimwandikia habari za harusi. Akauliza na nini kingine? Mwanamke huyu angefaa kuwa polisi. Nikamwambia. Akaweka kisu chini, akasema, "Mtoto anaitwa mchafu kwa uchafu wako, na wewe umeuongezea." Kisha akaondoka na kitunguu. Tangu siku ile nakula muri mkavu, zile bisi za mchele, na pilipili, na hata muri najikaangia mwenyewe.

Lakini si kwa sababu ya muri naandika. Mimi nimekula vibaya zaidi ya hapo, huko Kolkata enzi zangu.

Hakubaki dume hata mmoja. Hilo ndilo jibu lako. Ukuta ulibomoka asubuhi, adhuhuri nikawaona wanaondoka kwa barabara kuu, migongo ikitoka majini, kama wajumbe wanaotoka mkutanoni. Majike nilikuwa nayo kumi na manne kwenye tangi, nimekwisha kuyachoma tezi alfajiri ile. Na ukimchoma jike huwezi kumwambia subiri. Giza la siku hiyo hiyo likiingia mayai yanatoka, yakikosa mbegu yanaoza na jike naye hufa mkononi mwako. Nje wamekaa wachuuzi ishirini na sita wenye sufuria, wamefika kwa mtumbwi, wamesubiri siku tatu, na kila mmoja anasema Tofazzal hajawahi kumrudisha mtu bila kitu.

Nilikuwa na madume ya rui. Nikasema usiku huu tu. Wafugaji wote wa hapa wamewahi kufanya hivyo, dume akikosekana unaazima la jirani, ni rui au mrigel, tangi halina shahidi. Kila mtu anafanya na kila mtu anaapa hajafanya. Eskandar ndiye aliyenishikia taa.

Wale wachuuzi wakaondoka na vifaranga, wameridhika. Vingine nikabaki navyo. Vikakua haraka, vikawa na mabega, vichwa vidogo, watu wakawasifu. Mimi niliwatazama mwaka mzima nikijua ni nini, mwaka wa pili nikawa sijui tena, mwaka wa tatu nikaandika kibao. Sifa ni kitu kitamu, Monu, unakila mpaka unasahau ulikiiba. Na mimi, unanijua, sikuumbiwa kula kidogo.

Umeniona kwa damu. Miaka minne nimekaa mbele ya bwana samaki wa wilaya, mbele ya wazee wa chama cha wafugaji, mbele ya kila mwenye macho kuanzia hapa mpaka Rangpur, hakuna aliyeona, ila mtoto wa kike mwenye kipande cha jeli. Nilipopata barua yako ya Novemba nilijua mstari ule wa karibu ni nani. Nilikuwa nimekasirika, na katika kukasirika nilikuwa na fahari kidogo, nayo ilinikasirisha zaidi.

Mikono yako haina kitu. Yale maziwa nilikuwa nakusukuma mimi.

Sasa sikiliza. Hivi majuzi nilikwenda Goalanda mwenyewe, kwa wavuvi wa Padma, nikakaa nao siku mbili kwenye baridi mpaka nyavu zikaleta katla sita wa kweli. Vichwa vyao, ingawa wenyewe bado wadogo, usiniulize, nilitaka kuwaamkia. Nimewachukua damu mbele ya mwalimu wa shule ya msingi ya hapo, ametia sahihi. Tena nimewachukua damu rui wangu sita, na katla wa bwawa la kati sita, hao wenye aibu yangu. Vichupa kumi na vinane, kila kimoja nimekibandika jina. Safari hii sikumpa kondakta. Nimempa Jobeda. Anakuja navyo mwenyewe, amekaa kiti cha mbele na chupa ya chai mapajani, na hataki mtu amguse. Barua hii anayo yeye. Mpe Daktari Mosaddek aisome yote, na umkumbushe ile kamasi niliyomtajia katika barua ya kwanza, asidhani nimesahau.

Mjomba wako


Dhaka
23 Februari 1988

Mjomba wangu,

Mkaza mjomba alifika salama, alikagua jiko la hosteli, akamwambia mpishi maneno ambayo mpishi ameanza kuyarudia akiwa peke yake. Ameondoka jana. Mpishi sasa ananiita kwa jina langu.

Vichupa vyote kumi na vinane viliendeshwa siku tatu mfululizo kabla ya tarehe 20. Niliwaweka kwenye jeli moja, sambamba: rui wako, katla wa Goalanda, na katikati yao wa bwawa la kati. Hata mtu asiyejua kusoma angeona. Wa kwanza ana mstari wa karibu, wa mwisho ana wa mbali, na wa katikati anao wa baba na wa mama, amevaa yote miwili.

Mtahini wa nje, mzee mmoja mkimya aliyetoka Rajshahi, aliiangalia jeli ile muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Kisha akamgeukia Daktari Mosaddek akauliza kwa nini jambo hili limeitwa uchafu kwa miezi mitatu. Daktari akasema yeye alikuwa anapima uvumilivu wangu. Hivyo ndivyo alivyosema, na hakuona haya.

Nimefaulu, Mjomba, lakini kwa nusu. Katika sura ya kazi yangu inayohusu mchanganyiko niliandika kwamba samaki wale walitoka kwa mfugaji mmoja wa kusini magharibi. Barua yako niliwasomea kipande cha mafuriko tu, jina nililiruka. Mtahini anasema haiwezekani. Damu isiyo na mwenyewe haina uzito. Daktari naye anasema mtu yeyote anaweza kudai samaki wake ni mchanganyiko kwa sababu aliona mistari miwili, na mistari miwili ndiyo tunayotaka kuithibitisha. Lazima awepo mtu anayejulikana, mahali panapojulikana, na mwaka. Nakala ya kazi itawekwa maktaba, na nyingine itakwenda ofisi ya samaki ya kila wilaya. Pamoja na Jessore.

Nina mpaka tarehe 12 Machi. Mtu akiwepo, napata shahada. Asipokuwepo, sura inaondolewa, na bila sura hiyo narudia mwaka mzima na katla wengine. Mwaka mmoja si kitu. Nimekwisha kumwambia Mama kwamba huenda nikarudia, naye amesema magoti yake yatasubiri.

Hii si barua ya kuomba. Nakupa habari tu.

Mpwa wako,
Monowara


Chanchra
1 Machi 1988

Monowara, binti wa dada yangu Rabeya, shahada nusu,

Jobeda amerudi, anapika. Anakusifia mbele ya watu wasiouliza. Ndama ameanza kula majani. Joto limerudi, na mwaka huu maua ya mti wa semuli yamechanua mapema, yameangukia bwawani mekundu tupu.

Hii si barua ya kuomba, umeandika. Mtoto wa watu, wewe ni mjanja kuliko mimi, ila mimi ndiye mzuri.

Bwawa la kati nimelikausha. Wale wote wenye mistari miwili nimewapeleka sokoni kuliwa, kilo kwa kilo, kama samaki, kwa kuwa ni samaki na ni watamu, na nimemwambia kila mnunuzi ni nini. Mmoja akasema kwa utamu huo hata kama ni nusu mbuzi. Nimelijaza upya, na sita wa Goalanda, niliorudi nao wazima, ndio walio humo sasa. Wadogo bado, watazaa baada ya miaka mitatu wakipenda. Wachuuzi wawili wa Rangpur nimewaeleza kwa mdomo wangu. Wa kwanza alitema mate, akaenda kwa Eskandar. Wa pili alikaa akanywa chai, akaniambia babu yake naye aliwahi kuazima dume, kisha naye akaenda kwa Eskandar. Bwana samaki wa wilaya nimemrudishia karatasi yake. Alinisihi nikae kimya, kwa sababu sahihi iliyo chini ya karatasi ni ya kwake. Nimemwambia mimi nimekaa kimya miaka minne na sikuwahi kuipenda kazi hiyo, haiendani na maumbile yangu.

Sasa hilo la mfugaji mmoja wa kusini magharibi. Huyo ndiye nani? Nimekaa hapa nazungumza na wewe tangu Novemba, unaniandika kama mwizi wa baiskeli? Huku wafugaji wako tele, na kila mmoja amewahi kufanya nilichofanya mimi, na hakuna hata mmoja aliyefika kitabuni. Wewe unataka niingie humo bila jina, ili Eskandar asome aseme huenda ni yeye?

Andika Tofazzal Hossain Biswas, mwana wa marehemu Kalimuddin Biswas, wa Chanchra, Jessore. Andika bwawa la kati. Andika mwezi wa Ashar, mwaka 1984, majike ya katla kumi na manne, madume ya rui tisa. Na Daktari akikuambia kwamba pengine mfugaji mwenyewe hakuwa na habari, pengine walijichanganya kwenye mafuriko, usimwachie nafasi hiyo. Andika kwamba nilijua.

Mjomba wako